Mapambo Yasiyodhuru: Somo kwa Wanaume juu ya Mkorogo, Dawa ya Nywele na Piko

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyetuumba kwa rangi mbali mbali, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, limetufikia suali la mzee mmoja katika watu wa mwambao wetu, nasi tumeona kuwa jawabu lake lafaa lisomwe na kila mwanamume mwenye mke au binti au duka. Basi tumelifanya kuwa somo la kijitabu hiki.

SUALI

Mzee huyo asema: Binti yangu amechumbiwa, na arusi i karibu. Mchumba wake ameleta sanduku, na ndani yake, pamoja na kanga na marashi, mna makopo sita ya krimu ya kung'arisha uso, na mawili ya dawa ya kunyosha nywele. Mama yake kijana ametuma neno kuwa bibi arusi aanze kupaka mapema, ili siku ya kutolewa nje awe mweupe, na mikono yake itiwe piko. Binti yangu hataki. Asema atatumia mafuta ya nazi, na liwa, na hina, kama alivyotumia bibi yake. Wanawake wa nyumbani wamegawanyika, nami naogopa arusi isije ikavunjika. Je, yafaa nimlazimishe?

JAWABU

Haifai. Na kama lingekuwa jawabu la neno moja, tungelikomea hapo. Lakini mzee huyu si peke yake, na jambo hili lina sehemu ya sharia na sehemu ya utabibu, na sehemu ya tatu itatuhusu sisi wanaume. Tutazieleza kwa mpango, fasili baada ya fasili.

FASILI YA KWANZA: Pambo ni halali, madhara si halali

Yapasa kwanza tujue kuwa dini yetu haikukataza pambo. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewakemea wale wajiharimishiao pambo alilowatolea waja wake. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na hadithi hiyo ameipokea Imam Muslim, tena ameamrisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa mwenye nywele na azitukuze, yaani azitunze. Na imepokewa kuwa Ibn Abbas, mtoto wa ami yake Mtume, alikuwa akijipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Basi mtu asemaye kuwa mwanamke mcha Mungu hana haja na mafuta wala hina, huyo hakuisoma dini yake sawasawa.

Lakini pambo lina mpaka. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Na juu ya hadithi mashuhuri ya kukataza madhara, ambayo Imam Nawawi ameitia katika Arubaini yake ikawa ya 32, maulamaa wamejenga kanuni kubwa katika kanuni za fiqhi, kuwa kila madhara yapasa yaondolewe. Mwili huu ni amana tuliyopewa na Mola wetu. Mtu hana ruhusa kuuharibu wake mwenyewe. Sembuse kumlazimisha mwenziwe auharibu wake?

Kanuni hii yataka tujue lipi lenye madhara, na hilo halijuliwi kwa kudhani wala kwa maneno ya muuzaji. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Wenye kujua khabari za sumu na maradhi ni matabibu na wapimaji wa madawa. Basi na tuwasikilize.

FASILI YA PILI: Katika khabari za mkorogo

Mkorogo ni jina walilolitoa watu wetu wenyewe, kwa kuwa wengi huchukua krimu mbili tatu za kutoa weusi wakazikoroga pamoja. Vitu vifanyavyo kazi ndani yake mara nyingi ni vitatu: zebaki, haidrokwinoni, na dawa za namna ya kotisoni.

Ama zebaki, kazi yake ni hii. Weusi wa ngozi yetu hutengenezwa ndani ya ngozi yenyewe, nao ni ngao aliyotupa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya jua la nchi zetu. Zebaki huizuia kazi hiyo, na ngozi ikapauka. Lakini zebaki haikomi juu ya ngozi. Hupenya, ikaingia katika damu, ikaenda kukaa katika mafigo. Figo likisha kuharibika hushindwa kuzuia protini ya damu, ikatoka na mkojo, na mgonjwa akavimba uso na miguu. Mwaka 1972 matabibu wa Nairobi walitangaza katika jarida la matabibu la Uingereza khabari za wagonjwa 60, watu wazima, wenye maradhi hayo. Walipowahoji, waliona kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kutoa weusi zenye zebaki. Wagonjwa hao walikuwa watu wa nchi zetu hizi, wala jambo lenyewe si jipya.

Wala madhara hayo hayamwishii mpakaji peke yake. Mwaka 2010, katika jimbo la California, Marekani, wapimaji walikuta zebaki katika mkojo wa watu ambao hawakuipaka krimu kabisa, bali walikaa tu nyumba moja na mtu aipakaye. Zebaki huhama kwa mkono, kwa taulo, kwa mto wa kulalia. Na mwenye mimba akiipaka hupita ikamfikia mtoto aliye tumboni. Basi mume amnunuliaye mkewe kopo hili amewanunulia na wanawe.

Mataifa nayo yameliona jambo hili. Yako mapatano yaitwayo ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake wengi walipata sumu ya zebaki kwa kula samaki wa ghuba yao. Mapatano hayo yalipitishwa mwaka 2013, yakaanza kuwa na nguvu mwaka 2017, na kwayo vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika 1,000,000 vilikatazwa baada ya mwaka 2020. Kisha mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, mataifa yakakubaliana kuwa hata kiasi hicho kidogo kiondoke ifikapo mwaka 2025. Kenya na Tanzania pia zimekataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Walakini makopo huingia kwa magendo, yakauzwa chini ya meza, na mengine juu ya meza.

Ama haidrokwinoni, huanza kwa kung'arisha, na mwenye kuipaka akafurahi. Akiendelea kwa muda mrefu, mashavu yake huanza kutoka mabaka ya rangi ya jivu na buluu nyeusi ambayo ni shida sana kuondoka. Matabibu wa Afrika ya Kusini waliyaandika maradhi hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 serikali ya huko ikaikataza dawa hiyo katika vipodozi. Angalia khasara ya biashara hii: mtu aliuza weusi aliopewa na Mola wake, akalipwa weusi wa maradhi.

Ama dawa za namna ya kotisoni, hizo ni dawa za kweli, na tabibu huzitoa kwa maradhi ya ngozi kwa kipimo na kwa siku maalumu. Zikipakwa mwili mzima kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na kidonda hakiponi upesi. Fikiri hali ya mwanamke kama huyo siku atakapohitaji kupasuliwa ili azae, tabibu ashone ngozi isiyoshikamana vyema.

FASILI YA TATU: Katika khabari za dawa ya nywele

Madhara ya dawa hii yamechunguzwa zaidi kwa wanawake weusi wa Marekani. Hapana budi tueleze kidogo khabari zao, kwani dawa hizi zilienea kwao kabla ya kuenea kwetu, na asili yao na yetu ni Afrika.

Wazee wao walichukuliwa utumwani, na kwa miaka mingi waliambiwa kuwa nywele zao ni mbaya. Baada ya uhuru aibu ile haikuondoka. Mwanzo wa karne ya 20 alitokea mwanamke mweusi ajulikanaye kwa jina la Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, akapata mali kwa kuwauzia wanawake wenziwe mafuta ya kutunza kichwa na nywele. Baadaye, tangu miaka ya 1950, zikaenea dawa za kunyosha zenye kostiki, nayo ndiyo magadi makali yatumiwayo kuchemshia sabuni. Kostiki huvunja vifungo vya ndani ya unywele viupavyo kujikunja, na unywele ule haurudi tena ulivyokuwa, mpaka uote mwingine. Ikigusa ngozi ya kichwa huiunguza, na ngozi iliyoungua ni mlango uliofunguliwa kwa kila kilichomo katika dawa. Ziko nyingine zisizo na kostiki, nazo pia huweza kuunguza.

Mwaka 2022 wachunguzi wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walitangaza waliyoyaona kwa wanawake 33,497, waliowafuata kwa karibu miaka 11. Katika hao, 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Walihesabu kuwa katika wanawake wasiotumia kabisa dawa ya kunyosha, watakaopata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70 ni kiasi cha 1.64 katika 100. Na katika wale waitumiao zaidi ya mara nne kwa mwaka ni 4.05. Na waitumiao wengi wao walikuwa wanawake weusi. Lakini insafu yataka tuseme kuwa hesabu hii yaonyesha mambo mawili yafuatanayo, wala haithibitishi kwa kila mgonjwa kuwa dawa ndiyo iliyomwua. Tena walio wengi katika waitumiao hawakupata saratani. Walakini mwenye akili, akisikia kuwa katika msitu fulani simba ameonekana, hangoji kuumwa ndipo abadili njia.

Yako na mafuta mengine ya kulainisha nywele, yapashwayo moto kwa pasi, na katika baadhi yake hutoka moshi wa fomalini. Hii ndiyo itiwayo maiti hospitali ili wasioze, na tangu mwaka 2004 wachunguzi wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia wameiweka katika daraja ya vitu ambavyo ni yakini kuwa huleta saratani. Mke avutaye moshi huo saa mbili katika chumba cha msusi, na msusi auvutaye kila siku, wote wawili wamo khatarini.

Na lililo zaidi ya yote ni kufichwa. Mwaka 2018 huko huko Marekani walipima vitu 18 vya nywele vitumiwavyo na wanawake weusi, wakitafuta vitu viwezavyo kuharibu mwenendo wa homoni na kuleta pumu. Wakaona kuwa katika vile walivyovikuta, sehemu 84 katika 100 havikuandikwa juu ya chupa. Basi mwanamke atafutaye usalama kwa kusoma maandishi, naye amedanganywa pia.

Kwa haya na mengineyo, wengi katika wanawake hao wameacha kunyosha, wakarudia nywele zao kama zilivyoumbwa, wakatafuta mafuta ya miti na mbegu. Hata sharia imewafuata: mwaka 2019 jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani kukataza mtu kunyimwa kazi au kusumbuliwa shuleni kwa ajili ya nywele za asili yake. Binti wa mzee wetu, asemapo kuwa atatumia mafuta ya bibi yake, yu pamoja na wanawake hao, ijapokuwa hajapata kuonana nao.

FASILI YA NNE: Jina la asili halitoshi

Hapa twataka kumwonya mzee, na binti yake pia, jambo moja. Si kila kiitwacho cha asili ni salama. Katika pwani yetu twaweza kuonyesha mifano miwili.

Wa kwanza ni piko. Watu huiita hina nyeusi, nayo si hina. Hina ni majani ya mhina, na rangi yake ni nyekundu au ya machungwa, ikikolea huelekea kahawia. Na yataka saa nyingi mkononi. Piko ni rangi ya nywele itengenezwayo viwandani, na nguvu yake yatoka katika kitu ambacho wataalamu hukiita kwa ufupi PPD. Huwa nyeusi kwa muda mfupi, na kwa hiyo waharaka huipenda. Katika nchi za Ulaya yaruhusiwa katika rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi 2 katika 100, na kuipaka juu ya ngozi imekatazwa kabisa. Wapakwao mikono na miguu, wako wapatao malengelenge na kovu za sura ya ua lile lile walilochorwa. Na mwili ukisha kuichukia, huichukia daima: rangi yoyote ya nywele atakayoitia baada ya miaka kumi yaweza kumvimbisha uso. Katika nchi ya Sudani, ambako wanawake hutia hina kama sisi, matabibu wa Khartoum tangu miaka ya 1980 wameandika khabari za watu waliovimba koo, wakaharibika mafigo, na wengine wakafa kwa sumu hii.

Wa pili ni wanja. Bwana Mtume (S.A.W.) amesifu ithmidi, na sisi twapenda kufuata. Lakini mengi yauzwayo masokoni kwa jina hilo ni jiwe la risasi lililosagwa, na risasi huharibu akili ya mtoto. Basi asimpake mtu mwanawe mchanga wanja asioujua asili yake, akidhani amefuata suna.

Hata hina halisi ina mahali pake pa kuangaliwa. Wako watoto wazaliwao na upungufu wa kitu katika damu uitwao kwa ufupi G6PD, nao upo katika watu wa pwani. Mtoto mchanga wa namna hiyo akipakwa hina mwilini, damu yake yaweza kuharibika. Kwa hiyo watoto wachanga wasipakwe.

FASILI YA TANO: Yaliyo salama, na alama za yasiyo salama

Nywele za Mwafrika hujikunja, na kwa kujikunja kwake mafuta ya kichwa hayashuki kwa wepesi mpaka nchani. Basi hukauka, na huvunjika penye pindo. Dawa yake si kuzinyosha, bali ni kuzilainisha: kuziosha bila sabuni kali, kuzitia mafuta zingali na maji, kuzichana kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani, na kuzisuka bila kukaza. Msuko wa kukaza sana hung'oa nywele za kipaji na za panja, na zikisha kufa mizizi hazirudi.

Mafuta ya nazi yamo katika kila jiko letu. Mwaka 2003 wataalamu wa Uhindi waliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, wakaona kuwa ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa dhahiri kupotea kwa protini ya unywele. Wataalamu hao walikuwa wa kampuni iuzayo mafuta ya nazi, basi neno lao na lichukuliwe kwa kiasi chake. Lakini wanawake wetu wameyatumia vizazi kwa vizazi. Yako na mafuta ya ufuta, na ya nyonyo, na majani ya mkunazi ya kuoshea. Na mkunazi una heshima katika dini yetu, kwani Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wanawake waliomwosha binti yake alipofariki watumie maji na majani yake. Kwa mwili, liwa na sabuni ya mafuta isiyo kali vyatosha kwa walio wengi. Na hata hivi, kila kipya na kijaribiwe kwanza kidogo ndani ya mkono, kiachwe siku mbili.

Alama za kuogopwa ni hizi:

1. Kopo lisiloandikwa vilivyomo, wala mtengenezaji, wala mahali lilipotengenezwa.

2. Kopo liandikwalo kalomeli, au merkuri kwa namna yoyote ya jina hilo.

3. Kopo lenye onyo kuwa krimu isiguse dhahabu wala fedha. Sonara yeyote wa mjini atakwambia sababu: zebaki huishika dhahabu ikaiharibu. Ikiwa yaharibu pete, itafanyaje figo?

4. Krimu iahidiyo weupe kwa siku saba.

5. Hina iwayo nyeusi kwa muda wa saa moja.

6. Dawa ya nywele ichomayo macho ipashwapo moto.

Mwenye kuwa na krimu ya zebaki na aiache leo, aifunge ndani ya mfuko usiopitisha kitu, asiitupe jikoni wala baharini, ampelekee mtu wa afya. Na wa nyumbani mwake wapimwe mkojo. Aliyetumia kotisoni kwa muda mrefu asiiache kwa ghafula bila ya shauri la tabibu.

FASILI YA SITA: Kosa letu sisi wanaume

Ndugu yangu, ukisoma mpaka hapa waweza kusema: wanawake ndio wenye makosa, kwani ndio wapakao. Ngoja. Ni nani aliyeleta makopo sita katika sanduku? Ni kijana mwanamume. Ni nani ayauzaye dukani? Mara nyingi ni mwanamume. Na ni nani aliyemfundisha mwanamke kuwa rangi yake haitoshi?

Tangu utoto msichana husikia barazani ikisemwa kuwa fulani kaoa mweupe, basi kapata. Na fulani ana nywele za singa, basi ni mzuri. Na mwenye nywele za kipilipili huchekwa. Mtu husema hayo kwa mzaha, akanywa kahawa yake, akenda zake. Msichana huyachukua mpaka kwenye kioo. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ameziweka rangi zetu mbali mbali katika dalili zake pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Basi mwenye kuicheka rangi, aicheka dalili ya nani?

Sahaba mmoja mtukufu, Abu Dharri, alipata kumtusi mtu kwa asili ya mamaye, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado amebakiwa na ujahili. Na katika Bukhari na Muslim mna khabari kuwa Ibn Abbas alimwuliza mwanafunzi wake Ata kama ataka kuonyeshwa mwanamke wa peponi. Ata alipokubali, akamwonyesha mwanamke mweusi aliyekuwa na maradhi ya kifafa, aliyesubiri kwa ahadi ya pepo, akaomba tu kuwa asifunuke aangukapo. Na huyo Ata bin Abi Rabah mwenyewe alikuwa mtu mweusi, naye akawa mufti wa Makka. Ibn Abbas alipotafuta wa kumwonyesha, huyo ndiye aliyemwonyesha. Sisi twawaonyesha wanetu nani?

Ama wewe mwenye duka, sikia nawe. Bwana Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji yamefichwa chini, alisema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Yule alificha maji, na maji hayaui. Wewe wauza zebaki katika kopo lenye picha ya ua. Ukisema kuwa hukujua, leo umejua. Na ukisema kuwa usipouza wewe atauza mwingine, basi huyo mwingine na ajibu yake, nawe utajibu yako. Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

KHATIMA

Sasa twarejea kwa mzee wetu. Mzee, binti yako yu katika haki. Usimlazimishe, wala usimwache alazimishwe na wanawake. Chukua makopo yote manane, mwite kijana kwa upole, usimwaibishe mbele za watu, kwani huenda hakujua naye. Mweleze yaliyomo, umpe kijitabu hiki asome. Mwambie kuwa kanga na marashi vimepokewa kwa shukrani, na kuwa bibi arusi atatolewa nje kwa rangi aliyoumbwa nayo, na mikono yake itakuwa na hina nyekundu.

Akiwa ni mtu wa kheri, atashukuru kuwa umemwokolea mkewe na wanawe aliokuwa hajawapata. Naye ana lake la kufanya: amwambie mama yake kwa adabu kuwa alimposa binti huyu kwa alivyo. Neno hilo likitoka kinywani mwa kijana litafaa kuliko kijitabu chote hiki.

Na akikataa, akasema kuwa hamtaki ila awe mweupe, basi mzee, jua kuwa aliyemtaka si binti yako. Arusi ikivunjika kabla ya nikahi ni huzuni ya mwezi. Figo likiharibika ni huzuni ya umri. Mrudishie sanduku lake lote, usizuie hata kanga moja, umtake radhi, umwombee Mungu. Binti yako ana Mola aliyemwumba, naye hakukosea katika kuumba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watu wa nyumba zetu. Wallahu aalam.